Mpiga Picha Safarini Milimani Usambara

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mpiga picha ni kubonyeza kitufe tu, kisha kupokea fedha. Sivyo. Kwa mpiga picha atembeaye toka soko hata soko, kubonyeza kitufe ni sehemu ndogo kabisa ya kazi yake. Katika makala haya nitaeleza jinsi siku yake inavyokwenda hapa kwetu Lushoto, na deni analolichukua kila apigapo picha.

Siku yake huanza Mombo asubuhi na mapema. Kutoka hapo mpaka Lushoto mjini ni kilometa 33 hivi, na barabara hupanda kwa kona nyingi, ikipita Soni, hata kufika mahali palipo meta 1,400 hivi juu ya bahari. Abiria wenzake huona baridi tu, lakini yeye huifikiria kamera. Maana jioni atakaposhuka, kamera iliyopoa milimani itakutana na hewa ya joto yenye unyevu, na kioo chake kitafunikwa na umande, kama miwani ya mtu anywaye chai ya moto. Mjinga hukifuta kwa shati akakikwaruza. Mwenye akili huiacha kamera mfukoni mpaka ipate joto polepole.

Jambo la pili ni mwanga. Saa sita mchana jua huwa utosini, na macho ya mtu aliyevaa kofia au kujitanda khanga huonekana pichani kama mashimo meusi. Basi mpiga picha humsogeza mtu huyo kwenye kivuli cha kibaraza. Katika miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, ukungu huweza kufunika mji asubuhi nzima. Wengine hudhani siku hiyo imeharibika, kumbe ukungu hutawanya mwanga, na nyuso hutoka laini.

Jambo la tatu, tena kubwa kuliko yote, ni adabu. Mpiga picha hafiki sokoni akaelekeza kamera kwa mama auzaye mapeasi na kabichi. Kwanza husalimu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Wataka nini na hilo dude lako?”

“Naomba kukupiga picha, bibi, kama wewe na watu wako mnaridhia.”

Akikataa, hapana la kuongeza. Akikubali, mpiga picha huuliza jina na kijiji, akaandika. Daftari hilo ni la thamani kama kamera yenyewe. Siku za filamu, mkanda mmoja ulitoa picha 12 au 36 tu. Tena ilimpasa kuusafisha kwa dawa katika chumba cha giza, kisha kurudi siku nyingine ya soko na bahasha zake. Asiye na daftari alirudi na nyuso asizojua wenyewe ni nani.

Hasara ya kutoandika majina twaiona katika picha za zamani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na mji wetu wakati wa Wajerumani uliitwa Wilhelmstal. Siku hizo Mjerumani Walther Dobbertin, aliyefanya kazi ya picha Dar es Salaam, alizunguka nchi kwa kamera yake, na picha zake nyingi zimehifadhiwa Ujerumani hata leo. Twashukuru kwamba zipo. Lakini katika picha nyingi za wakati wa ukoloni huandikwa kabila au kazi ya mtu tu, na jina lake halimo. Huenda mmoja wao ni babu wa mwanafunzi wa shule hii, wala hatuna njia ya kumjua.

Nami nina sababu ya kulisema hili. Nilipokuwa mtoto, mpiga picha msafiri alimpiga bibi yangu picha sokoni Soni, akapokea nusu ya malipo, akaahidi kurudi soko lijalo. Mvua kubwa zikanyesha, barabara ikafungwa kwa maporomoko, wala hakuonekana. Watu walisema tumetapeliwa. Baada ya miezi miwili alifika nyumbani kwetu kwa miguu, daftari mkononi, akiwa ameulizia jina la bibi kutoka kibanda hata kibanda. Bibi alikuwa amekwisha kuzikwa. Baba alimlipa nusu iliyobaki, akaipokea picha kwa mikono miwili. Ndiyo picha pekee ya bibi tuliyo nayo.

Leo simu zimewanyang’anya wapiga picha wateja wengi, ingawa bado waitwa kwenye harusi na mahafali. Lakini kamera iliyo ndani ya simu haikuiondoa ile kazi ngumu. Basi, wanafunzi wenzangu, wakati wa likizo mtakaposhika simu nyumbani, kumbukeni mambo matatu: ombeni ruhusa kwanza, andikeni jina na tarehe, tena mpelekeeni mwenye sura picha yake. Wahenga walisema ahadi ni deni. Na kila picha ya mtu ni ahadi.