Katalogi ya musée: etikete ya vitu vya babu zetu

Mchimbaji wa Wamaza anajua: mfuko wa kasiterite bila etikete hauna bei nzuri. Ile namba njo inaonyesha ulitoka wapi.

Vitu vya wazee wetu vilivyo katika musée za Ulaya navyo viko na etikete yao. Ni katalogi, kitabu kinachochapwa wakati wa maonyesho: picha ya kitu, namba yake, urefu, kimetengenezwa na nini, nani alikichukua, mwaka gani, kijiji gani. Maonyesho yanafungwa kisha miezi kidogo, kitabu kinabaki.

Tuangalie jirani zetu wa kusini, Waluba na Wahemba. Mwishoni mwa 1937 mtaalamu Mbelgiji Frans Olbrechts alifungua maonyesho ya sanamu za Kongo kule Antwerpen. Kwa kulinganisha vitu vilivyotawanyika huku na kule, alitambua kwamba viti na sanamu kadhaa, zenye uso mrefu na mikono mikubwa, zilitoka kwa mkono mmoja. Jina la fundi halikuandikwa popote. Kwenye karatasi kulibaki jina la kijiji tu: Buli. Basi akaitwa Fundi wa Buli. Miaka ya 1970 watu wa kule wakatoa jina: Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Bila lile neno moja, Buli, vingebaki vitu vya « Kongo » tu.

Juu ya nini inatuhusu leo? Februari 2022 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimpa mwenzake Sama Lukonde orodha ya vitu karibu 84.000 vya musée ya Tervuren. Julai ya mwaka ule Ubelgiji ikaweka sheria ya kurudisha vitu. Lakini ili kitu kirudishwe, inatakiwa kujulikana kilitoka wapi. Kasongo ilitekwa na jeshi la Dhanis Aprili 1893. Wazee wanaojua habari walizoachiwa na babu zao wanapunguka kila mwaka.

Katalogi ni ghali, lakini moja inatosha shule au parokia nzima. Mara nyingi inataja mzungu aliyechukua, inanyamaza juu ya aliyechonga. Basi mwonyeshe mzee picha, uandike anachosema: jina la kitu, kazi yake, ukoo.

Na kama nyumbani kuko sanamu ya babu, ipige picha na simu mbele mnunuzi hajafika, andika fundi na kijiji. Kitu kinaweza kuondoka. Etikete ibaki kwetu.