Baada ya mafuriko: kolera huua kwa kukausha mwili, na dawa iko jikoni

Tangu mafuriko ya Kinshasa ya Aprili 2025, wasomaji wa Salamabila, Kasongo na Kabambare, hapa Maniema, wananiuliza jambo moja kwa namna nyingi: maji yakishatoka nyumbani, mbona watu wanaendelea kufa? Usiku wa tarehe 4 kuamkia tarehe 5 mwezi ule, mto Ndjili ulifurika. Watu wasiopungua 33 walikufa, barabara ya uwanja wa ndege ikakatika, na mitambo ya shirika la maji, Regideso, ikazama, hata sehemu kubwa ya jiji ikakosa maji ya bomba. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya majirani zetu wa Fizi: mto Kasaba ulivamia watu usingizini, na viongozi wakahesabu wafu zaidi ya 60, kisha zaidi ya 100. Kabla mwaka haujaisha, UNICEF ilitangaza kwamba nchi nzima imepata wagonjwa wa kolera zaidi ya 64,000 na vifo zaidi ya 1,800, hali mbaya kuliko yote katika miaka 25. Maniema imo miongoni mwa majimbo yaliyoguswa.

Tufani za baharini hazitufikii huku. Huzaliwa juu ya bahari yenye joto, mbali kidogo na ikweta, na sisi tuko katikati ya bara, nyuzi nne na ushei tu kusini mwake. Lakini yanayofuata maji ni yaleyale. Tufani Idai iliipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, na kabla mwezi haujakwisha kolera ikatangazwa. Waliougua walikuwa zaidi ya 6,000. Waliokufa kwa kolera, kwa hesabu ya serikali, walikuwa 8.

Sasa kumbuka Goma, Julai 1994. Katika mwezi wa kwanza wakimbizi wapatao 50,000 walikufa, wengi wao kwa kolera na wengine kwa kuhara damu. Bakteria wa kolera ni yuleyule, Vibrio cholerae. Wataalamu kutoka Bangladesh waliokwenda Goma waliandika mwaka 1995 kwa nini hata walioletwa kwenye vituo vya matibabu walikufa: serumu ya mshipani ilitiririka polepole mno, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari hayakutumiwa vya kutosha, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu. Basi kinachoamua nani atapona ni maji: yanaingia mwilini mapema kiasi gani, na kwa wingi gani. Mengine yote yanafuata nyuma.

Inatoka wapi

Maji ya mafuriko hayazai kolera. Lazima awepo mtu anayeibeba tumboni, na wengi wanaoibeba hawaharishi kabisa au wanaharisha kidogo tu. Salamabila ni mji wa dhahabu. Wachimbaji wanatoka kila upande, pamoja na pande za ziwa Tanganyika ambako kolera haikomi. Vyoo vya machimboni ni mashimo mafupi yaliyochimbwa kwa haraka. Mvua kubwa ikiyajaza, yaliyomo yanasambaa hadi visimani na mitoni kwa usiku mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha, kwa kutumia panya, kwamba bakteria aliyetoka tumboni mwa mgonjwa punde hivi huambukiza kwa urahisi mkubwa kuliko yule aliyekuzwa maabara, na ukali huo hudumu kwa saa kadhaa. Ndiyo maana kinyesi cha leo kilichofika kisimani leo kinatisha zaidi.

Mlango ambao sumu haiugusi

Bakteria huyu hatafuni utumbo wala haingii kwenye damu. Anajishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu, protini yenye vipande sita: vitano vya kushikia, kimoja cha kufanya kazi. Hicho kimoja kinapenya ndani ya seli na kukwamisha protini ambayo kwa kawaida huwaka na kuzima. Sasa inawaka tu. Seli inajaa kemikali iitwayo cAMP, na kemikali hiyo inafungua milango ya kloraidi. Kloraidi inamwagika ndani ya utumbo, sodiamu inaifuata, na maji yanafuata chumvi. Mtu mzima aliyeshikwa vikali anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Damu inapungua, figo zinasimama, moyo unachoka. Hakuna kingine kinachomuua.

Sasa soma taratibu, maana utamu wote uko hapa. Kwenye ukuta uleule kuna mlango mwingine ambao sumu haiugusi kabisa. Unaitwa SGLT1, na unafunguka kwa sharti moja: sodiamu mbili na glukosi moja zifike pamoja. Sodiamu ikija peke yake, haipiti. Glukosi ikija peke yake, haipiti. Zikija pamoja zinavutwa ndani, na maji yanaingia nazo. Robert Crane alilieleza wazo hilo huko Prague mwaka 1960, akizungumzia jinsi sukari inavyofyonzwa. Mwaka 1971, vita vilipowasukuma mamilioni ya watu kuvuka kutoka Bangladesh kuingia India, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa Bangaon, serumu zikamwishia. Akachanganya chumvi na glukosi kwenye maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Sharti hilo la mlango ndilo linaloeleza vipimo. Sukari ikizidi, inayavuta maji kutoka mwilini kurudi utumboni, na kuhara kunaongezeka. Kwa hiyo soda na juisi tamu si dawa. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Chumvi bila sukari haifungui kitu. Na jambo moja linalowakatisha tamaa mama wengi: mgonjwa akianza kunywa, kuhara hakukomi papo hapo, maana milango ya kloraidi bado iko wazi. Usiangalie kinachotoka tu. Angalia kama mkojo umerudi, kama macho yamejaa, kama mtoto ameanza kulia machozi. Hapo unashinda.

Maneno ninayochoka kuyasikia

«Anayeharisha asinywe, atazidi kuharisha.» Neno hili limezika watoto wengi kuliko mto wowote uliotajwa redioni.

«Serumu ya mshipani ina nguvu kuliko ya kunywa.» Ya mshipani ni ya aliyezimia, aliyelegea au anayetapika kila kitu, na huyo anaihitaji kwa kasi. Anayeweza kunywa, anywe. Muuza dawa anayekutundikia chupa moja ya serumu nyumbani, akaiacha idondoke kutwa nzima na kukutoza pesa ya wiki, anakuuzia sindano tu.

«Nimempa vidonge.» Dawa za kuua bakteria humsaidia mgonjwa mahututi, zikiongezwa juu ya maji, kwa amri ya muuguzi. Kapsuli mbili ulizonunua sokoni bila maji hazirudishi hata kikombe kimoja kati ya vile vilivyotoka. Na huyo mwenye kipaza sauti anayeuza chupa ya «kinga ya kolera kwa mwezi mzima», muulize chupa yake inafunga mlango gani. Atahamia soko lingine.

«Ni sumu ya jirani.» Sumu ipo, nimekwisha kuieleza, na aliyeitengeneza ni bakteria. Wakati ukoo unamtafuta mchawi, ile lita ya kila saa inaendelea kutoka.

«Maji yametulia, yameng'aa.» Bakteria haonekani kwa jicho. Zebaki ya wasafisha dhahabu nayo haionekani, na kuchemsha hakuiondoi. Usichote maji ya kunywa chini ya mahali wanapooshea dhahabu.

«Tumekamulia limau.» Ni kweli bakteria huyu hapendi asidi, na asidi ya tumbo lako ni kinga mojawapo. Lakini limau moja kwenye bidoni ya lita 20 halitoshi.

«Maiti za mafuriko ndizo zinaleta kolera.» Aliyekufa maji haleti mlipuko, azikwe kwa heshima yake. Aliyekufa kwa kolera ni jambo jingine: mwili wake uoshwe kwa klorini na watu waliofundishwa, na matangani kusiwe na chakula cha kula pamoja.

Fanyeni hivi

Maji yenye tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa kizito, ndipo uweke klorini, kwa sababu tope huila klorini kabla haijamfikia bakteria. Kwa javeli ya asilimia 5, matone 2 kwa lita ya maji safi, 4 kama bado yana ukungu. Ngoja nusu saa. Huna klorini, chemsha yatokote. Mikono kwa sabuni, au jivu. Chanjo ya kolera ikifika, kunywa. Tangu Oktoba 2022 kampeni za dharura hutoa dozi moja badala ya mbili kwa sababu chanjo ni haba duniani, na hiyo moja inafaa.

Mtu akianza kuharisha maji, usingoje alfajiri. Pakiti ya SRO, yaani chumvi na sukari ya kunywa, kwenye lita moja ya maji salama. Huna pakiti: lita moja, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote sawa na ukingo. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena kijiko kwa kijiko. Mtoto aendelee kunyonya, na kituoni apewe zinki. Akilegea, macho yakizama, au asipoweza kunywa, mpandishe pikipiki uende naye kituo cha afya, na kama bado anaweza kumeza, mtu wa tatu akae nyuma na chupa, akimnywesha njia nzima.