Ginsi Soko la Mashini Linatengenezwa



Siku hizi hisa, ndiyo kusema vipande vya kampuni, zinauzishwa kwa njia ya ordinatere. Mutu anabaki kwake, anatuma agizo, na mara moja mashini inamutafutia wa kupatana naye. Soko la namna hiyo linatengenezwa ginsi gani? Tuangalie pamoja.

Kwanza, wafundi wanaandika sheria. Mwenye kutoa bei nzuri anapita mbele; kama wawili wametoa bei moja, aliyetangulia kufika anatumikiwa wa kwanza. Mama wa unga pale sokoni anajua sheria hiyo bila ordinatere.

Pili, wanageuza sheria kuwa programu. Programu inaandika kila agizo, inahesabu, na inajua kusimama wakati agizo limetimia.

Tatu, wanaijaribu na maagizo ya uongo, kusudi makosa yaonekane mbele ya pesa ya kweli kuingia.

Nne, wanaitia ndani ya mashini zote. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyoangusha Knight Capital ya Marekani.

Kampuni hiyo ilipeleka maagizo ya wateja kwenye masoko ya hisa. Ilikuwa na mashini nane kwa ile kazi. Mbele ya tarehe 1 Agosti 2012, programu mupya ilitiwa ndani ya mashini saba. Ya nane ikabaki vile vile. Hakuna mufundi wa pili aliyepita nyuma kuangalia. Soko lilipofunguka, programu ya zamani, iliyoachwa tangu 2003, ikaamuka ndani ya ile ya nane. Haikujua tena kusimama: ikanunua, ikauzisha, ikanunua tena. Maagizo 212 ya wateja yakazaa biashara zaidi ya milioni 4 kwa dakika 45. Hasara ilipita dola milioni 460! Tena asubuhi ile, mbele ya soko kufunguka, mashini zilikuwa zimetuma barua 97 zenye kutaja kosa. Hazikushugulikiwa. Katika 2013 kampuni ikaungana na ingine, Getco.

Wenzetu wenye kutamani ufundi huu, tujue basi: kuandika programu ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kuhesabu mashini mpaka ya nane, na kuita mwenzako aangalie nyuma yako.