Kidonda cha Mkononi na Tangi la Samaki wa Mapambo

Tangi la samaki wa mapambo haliwezi kukaa bila kubadilishwa maji. Kinyesi cha samaki na masalia ya chakula huzalisha amonia, ambayo ni sumu kwao, na ingawa bakteria waishio tangini huigeuza kuwa naitreti, hiyo nayo hurundikana. Ndiyo sababu wafugaji wengi huondoa takriban robo ya maji kila baada ya wiki moja au mbili. Kazi hiyo huwanufaisha samaki, lakini huweza kumdhuru mwenye kuifanya.

Katika maji hayo huweza kuwamo Mycobacterium marinum, bakteria wa jamii moja na yule wa kifua kikuu. Alitambuliwa mwaka 1926 katika samaki waliokufa huko Philadelphia, Marekani. Mwaka 1951 alithibitishwa kuwa chanzo cha vidonda kwa watu waliotumia bwawa la kuogelea nchini Uswidi. Siku hizi, wagonjwa wengi huambukizwa kutoka katika matangi ya samaki.

Bakteria huyo hupenya kupitia mchubuko au mkato, hata ukiwa mdogo. Kwa kawaida, baada ya wiki 2 hadi 4, na pengine miezi kadhaa, kinundu chekundu hujitokeza kidoleni au mkononi, kikakua polepole na kuwa kidonda. Vinundu vingine huweza kufuatana kwa mstari kuelekea begani. Kwa kuwa hustawi katika nyuzi joto 30 hivi, bakteria huyo hupendelea mikono na miguu, ambayo ina joto pungufu kuliko sehemu za ndani ya mwili.

Sifa hiyo ndiyo huwatatiza waganga. Maabara ikiotesha sampuli katika nyuzi joto 37 pekee, huenda bakteria asionekane. Mgonjwa hurudi nyumbani na dawa isiyomfaa, na maambukizi huweza kufikia kano na viungo. Yanapotambuliwa, hutibika kwa dawa kama klarithromaisini au doksisaiklini, ingawa tiba huchukua miezi. Ugonjwa huu hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu.

Kinga yake ni nyepesi. Mwenye jeraha mkononi amwachie mwingine kazi hiyo, au avae glavu ndefu zisizopitisha maji. Mpira wa kutolea maji usivutwe kwa mdomo. Maji machafu yasimwagwe katika sinki la jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni mara kazi inapokwisha. Watoto wasiachwe wachezee maji ya tangi.

Zaidi ya yote, mtu mwenye kidonda kisichopona amweleze daktari kwamba anafuga samaki, hata asipoulizwa. Taarifa hiyo fupi huweza kuielekeza maabara kwenye kipimo sahihi na kumwepusha mgonjwa na miezi ya mateso.