Simba ya 2023/24: sisi si Ayubu, sisi ni ng'ombe wa Farao

Leo naongea na wana Msimbazi wenzangu. Wana Jangwani mnaruhusiwa kusoma, ila chekeni taratibu.

Kijiweni kwetu hapa Kariakoo kuna mzee mmoja, Simba kindakindaki. Ukimgusia msimu wa 2023/24 anakwambia sisi ni Ayubu: tumenyang'anywa kila kitu, tumebaki na majipu, na marafiki wanakuja kutupa pole za kinafiki. Vijana wote wanaitikia. Mimi roho inakataa. Ayubu hakuwa na kosa, jamani. Sisi je?

Hadithi yetu iko Mwanzo sura ya 41, ndoto ya Farao (Waislamu wanaipata kwenye Sura Yusuf). Ng'ombe saba wanono walitoka mtoni, wakafuatwa na saba waliokonda vibaya, na waliokonda wakawala wanono. Yusufu akatafsiri: miaka saba ya shibe, kisha saba ya njaa. Wengi wanaishia hapo. Lakini Mwanzo ina kipande ambacho watu hawakitilii maanani: wale waliokonda walipomaliza kula, walibaki wamekonda vilevile. Ukiwatazama huwezi kujua kama wamekula kitu.

Wanono wetu walikuwa wanne: ubingwa wa 2017/18, 2018/19, 2019/20 na 2020/21. Februari 2021 tuliifunga Al Ahly 1-0 kwa Mkapa, bao la Luis Miquissone, nikarudi nyumbani sina sauti. Miaka hiyo Yanga walikuwa wanapitisha bakuli kuomba michango. Jirani yangu wa duka la pili ni Yanga. Basi kila Jumatatu nilikuwa namwekea sarafu ya shilingi mia mezani, mchango wangu. Alikuwa anaichukua, hasemi kitu.

Agosti 2021 Miquissone akauzwa kwa Al Ahly haohao, Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Moroko. Sikulalamika, hiyo ni biashara. Ila Yusufu aliagiza moja ya tano ya mavuno iwekwe ghalani wakati wa shibe, njaa haijaonekana bado. Sisi ghalani tuliweka nini? Tulisajili, tena wengi, halafu tukawarudia walewale: Chama Januari 2022, Miquissone 2023. Makocha ndiyo usiseme. Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Mgunda, Robertinho, Benchikha, wote ndani ya misimu mitatu!

Huo wa 2023/24 ulianza vizuri. Tulibeba Ngao ya Jamii Tanga mbele ya Yanga kwa penalti, nikadhani njaa imekwisha. Ikaja Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023. Hadi mapumziko 1-1. Mpira unaisha, 5-1. Mkono mzima. Kesho yake nafungua duka, nakuta sarafu tano za shilingi mia zimepangwa mezani kwangu. Jirani hakusema kitu.

Robertinho akaondolewa wiki hiyohiyo, akaja Benchikha. Lakini kilichonikumbusha ile ndoto ni dirisha dogo la Januari 2024. Jean Baleke na Moses Phiri, washambuliaji wetu, waliondoka katikati ya msimu, wakaletwa Freddy Michael na Pa Omar Jobe. Tumekula tena, mbavu zilezile. Mwisho wa Aprili Benchikha naye akaaga, Mgunda akaitwa kumalizia. Yanga bingwa kwa pointi 80, sisi na Azam 69 kila mmoja, Azam juu kwa tofauti ya mabao. Wao Ligi ya Mabingwa, sisi Kombe la Shirikisho. Msimu uliofuata Chama na Baleke wote wakavaa jezi ya Yanga.

Mzee anasema waamuzi. Sawa, mwamuzi anaweza kukunyima mechi moja, mbili. Lakini ni mwamuzi gani aliyeuza, akasajili, akafukuza?

Nisiwaonee viongozi peke yao. Miaka ile ya ubingwa na mimi nilikuwa barabarani na vuvuzela, sikuuliza hata siku moja kuhusu timu ya vijana. Angeniuliza mtu ningemwita mtani.

Mei 2025 tulifika fainali ya hilo hilo Shirikisho, na mpinzani akawa Berkane, walewale wa Chama. Kwao 2-0, marudiano Zanzibar 1-1, kombe likaondoka. Ubingwa wa 2024/25 nao ukaenda Jangwani, wa nne mfululizo. Wanne kwa wanne.

Zile sarafu tano bado ziko kwenye droo ya duka. Jirani ananiambia nisizitumie, eti ndiyo akiba yetu ya kwanza ghalani.