Wenzetu wa Chuo Walio Majuu: Tusiwatafute Tu Kukiwa na Mchango

Tulipofuzu mwaka 2022, grupu yetu ya WhatsApp ilikuwa na watu 58. Leo tisa kati yao wako nje ya nchi: Doha, London, Dallas na kwingineko. Mimi ndiye mweka hazina, na nusura niwapoteze wote tisa.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana mwenzetu alifiwa na babake, na mwili haungetoka hospitalini kabla bili kulipwa. Tukachanga. Kwa siku tatu simu yangu haikunyamaza, hadi tukafikisha shilingi 86,500. Zaidi ya nusu ilitoka kwa wale wa majuu. Bili ikalipwa, tukazika, nikaandika "Asanteni sana, Mungu awabariki," nikaona kazi yangu imeisha.

Miezi mitano baadaye, mwingine akapata ajali ya bodaboda, mguu ukahitaji upasuaji. Nikatuma nambari yangu tena. Tiki za buluu kila mahali, lakini majuu kimya. Mwishowe yule wa Doha akanitumia ujumbe kando: "Pesa za msiba zilienda wapi? Hakuna aliyetuambia. Halafu hujawahi kuniuliza hata habari ya kazi."

Iliniuma, kwa sababu sikula hata shilingi moja. Lakini angejuaje? Sisi wa hapa tulifika matangani, tukaona kwa macho. Yeye alichoona ni jina langu tu kwenye simu. Mwaka 2023 pekee, Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4, na ni rahisi sana kumgeuza mtu wako kuwa ATM bila kujua.

Usiku huo nilifungua rekodi za malipo kwenye simu nikaandika kila kitu: hospitali 60,000, gari la kusafirisha mwili 22,000, na 4,500 zilizobaki alipewa mjane. Nikaambatisha risiti na kuomba msamaha. Tangu hapo tumebadilisha mambo haya:

Pesa za grupu hazikai tena kwa laini ya mtu. Tulifungua akaunti ya grupu yenye paybill. Kutoa pesa lazima watu watatu waidhinishe, na mmoja wao yuko London.

Hesabu inatoka ndani ya siku mbili. Zimeingia ngapi, zimetumika wapi, risiti ziko hizi. Ficha nambari za simu za watu, na usiorodheshe nani ametoa ngapi bila ruhusa yao.

Tunapiga simu kabla ya kutuma. Walaghai huteka akaunti ya WhatsApp ya mtu mnayemjua, kisha huomba mchango kwa jina lake. Ukiona nambari mpya ya kutuma pesa, mpigie mweka hazina kwa laini yake ya kawaida. Zile tarakimu sita za uthibitisho zinazotumwa kwa simu yako, usimpe mtu yeyote, hata rafiki. PIN vilevile.

Tunaheshimu saa zao. Saa za Doha ni kama zetu, lakini hapa ikiwa saa mbili asubuhi, Dallas ni karibu usiku wa manane. Sisi huongea Jumapili saa mbili usiku: London ni jioni, Dallas ni mchana.

Tunaongea hata bila mchango. Aliye majuu pia anahitaji watu: wa kumfuatia cheti chuoni, wa kwenda kumwona mzazi wake. Na yeye anajua mengi. Ukipewa ofa ya kazi Ghuba, muulize mwenzako aliye huko kabla hujamlipa ajenti.

Asubuhi ile yule wa Doha alijibu. Hakutaja pesa. Aliuliza tu, "Mguu unaendeleaje?" Nikampa nambari ya mgonjwa, wakaongea karibu saa nzima. Jioni mchango wake ukaingia, na wengine wakafuata. Upasuaji ulifanyika wiki hiyohiyo.

Hebu leo mtafute mmoja wa darasa lenu aliye mbali. Usitaje mchango. Muulize tu kazi inaendaje.