Kila Chombo na Anwani Yake

Ndugu msomaji, siku hizi katika nyumba nyingi za Chamazi, wilayani Temeke, utaona kijisanduku chenye taa ndogo ndogo. Hicho ni modemu. Kazi yake ni kuleta intaneti nyumbani. Mara nyingi modemu hukaa sebuleni, na mawimbi yake hayafiki vyumba vya uani. Ndipo watu hununua chombo cha pili, kiitwacho ruta. Wengine wakishaviunga, intaneti hukatika. Hudhani modemu imekufa, wakatoa fedha kununua nyingine. Kumbe kisa ni anwani tu.

Anwani ni nini?

Mwaka 2022, kabla ya Sensa, nyumba zetu zilipewa namba na barabara zikapewa majina. Katika intaneti pia kila chombo hupewa namba. Namba hiyo huitwa anwani ya IP. Ina mafungu manne yaliyotengwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.5. Kila fungu ni namba kuanzia 0 mpaka 255.

Namba za aina hii ni zaidi kidogo ya bilioni 4. Watu duniani ni zaidi ya bilioni 8. Basi hazitoshi. Mwaka 2011 ghala kuu la dunia la namba hizo lilikwisha. Zipo namba mpya ndefu zaidi, lakini zile za zamani bado zinatumika sana.

Je, tunaishije? Fikiri shule yenye S.L.P. moja. Barua za walimu wote huingia sanduku hilo. Kisha tarishi humpa kila mwalimu barua yake. Ruta ndiyo tarishi wa nyumbani. Simu yako hupewa namba ya ndani, na ya mtoto hupewa nyingine. Namba zinazoanza na 192.168 ni za ndani tu. Jirani akiwa nazo hazikudhuru, kwani kila nyumba ya wageni ina chumba namba 3.

Lakini modemu nyingi nazo ni tarishi, na hutumia 192.168.1.1. Ruta yako ikitoka kiwandani na namba hiyo hiyo, ni kama nyumba mbili za mtaa mmoja kupewa namba moja. Mleta barua afanyeje?

Namna ya kuunga

1. Washa ruta peke yake, bila waya wa modemu. Unganisha simu yako na ruta hiyo.

2. Geuza ruta, usome karatasi iliyobandikwa chini. Andika namba yake ya anwani mahali unapofungulia intaneti kwenye simu. Ingia kwa neno la siri lililoandikwa hapo.

3. Tafuta ukurasa wa LAN. Ikiwa namba ya ruta ni sawa na ya modemu, badili fungu la tatu. Andika 192.168.2.1, kisha hifadhi.

4. Badili neno la siri la kiwandani. Ukiliacha, anayelijua anaweza kuingia na kubadili mambo yako, na bando ulilolipia likaliwa na wengine.

5. Zima vyote viwili. Chomeka waya kwenye tundu la LAN la modemu, na ncha ya pili kwenye tundu la WAN la ruta. Usikosee tundu.

6. Washa modemu kwanza. Ngoja dakika mbili, ndipo uwashe ruta. Ruta huomba namba kwa modemu, na aliyelala hajibu.

Ndugu msomaji, kabla hujamwita fundi au kununua chombo kipya, tazama namba kwanza. Kusoma namba unakujua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini vyombo viwili vya nyumba moja visiwe na namba moja?
2. Kipi huwashwa kwanza, modemu au ruta? Kwa nini?
3. Nani katika nyumba yako analijua neno la siri?